Feni ya kuua umeme tuli ya laki mbili na themanini: mashine nzuri, ila muuzaji kanyamaza kuhusu sindano

Kamwene wa Iringa na Njombe, mwagonile wa huku kwetu Mbeya. Kuna wadau wa vifungashio niliwaahidi kwamba nikitimiza mwaka na hii feni nitaandika jinsi ilivyo, mwaka umetimia na miezi miwili juu kwa hiyo nalipa deni. Wenye haraka chukueni hii muondoke: feni naipa nyota nne kati ya tano, muuzaji nampa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu mzigo ulifika na basi ukiwa mzima hauna hata mkwaruzo. Mengine yote nimejifunza kwa kuumia mwenyewe.

Mimi nachapa lebo na stika halafu nafungashia watu bidhaa, chumba kimoja tu pale Mwanjelwa, mimi na dogo mmoja ninayefanya naye kazi. Wateja wangu ni akina mama wa mchele wa Kyela, wazee wa kahawa ya kusaga kutoka Mbozi, watu wa asali, karanga, unga wa lishe. Vifuko vyangu ni vile vya plastiki vya kusimama vyenye zipu (kabla hamjaniandama, marufuku ya Juni 2019 ilikuwa ya mifuko ya kubebea, hivi ni vifungashio vya bidhaa). Sasa mtu wa Dar hii shida hawezi kuielewa kabisa maana kule hewa ina unyevu mwaka mzima, lakini huku mvua zikishakata na Juni ikaingia na ile baridi yetu kavu, unavua sweta usiku unaona cheche, unashika kitasa cha mlango kinakurusha, unampa mteja chenji mnarushana shoti mnabaki mnacheka. Kwenye kazi ya plastiki hakuna cha kucheka. Vifuko vinagandana kumi kumi kama vimepakwa gundi, stika ukiibandua inakimbilia mkono badala ya kifuko, na balaa kubwa ni kahawa. Unga wa kahawa unapanda wenyewe kwenye mdomo wa kifuko, pale pale pa kuziba, ukipitisha kwenye mashine ya kuziba joto halishiki vizuri kwa sababu katikati kuna vumbi la kahawa, mteja anafika nyumbani kifuko kinavuja hewa. Nilirudishiwa vifuko 140 kwa mkupuo mmoja. Hapo ndo nikaanza kutafuta dawa.

Nilijaribu kila kitu jamani. Kumwagia maji sakafuni, ilisaidia kidogo, maana hewa yenye unyevu kweli inapunguza huu umeme, ndo maana jamaa zangu wa Tukuyu ambako mvua hazikauki hawana habari na hii shida, lakini huwezi kuweka karatasi za lebo kwenye chumba kama bafu. Fundi umeme mmoja akaniambia funga waya wa ethi (ule unaopeleka umeme ardhini) kwenye meza, nikafunga, meza ikatulia vifuko vikaendelea na fujo zao. Baadaye nikaja kuelewa kwamba plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo hata ukiifunga ethi kumi chaji iliyokaa upande huu wa kifuko haina njia ya kusafiri mpaka kwenye waya. Chuma na mwili wa mtu ndo vinasaidiwa na ethi. Plastiki inabidi ufuate chaji pale pale ilipokaa, uipelekee hewa yenye ayoni (chembe za hewa zenye chaji), na hiyo ndo kazi ya hii feni.

Feni yenyewe ni kiboksi cha ukubwa wa redio ya mezani, mbele kuna wavu, ukichungulia ndani unaona panga za kawaida, halafu kwenye duara mbele ya panga zimepangwa sindano nane zinaelekea katikati. Kitufe cha kasi, taa ya kijani, basi. Ndani kuna kitu kinapandisha umeme mpaka kilovolti kadhaa na kuupeleka kwenye hizo sindano, na kwa sababu ncha ni kali sana nguvu yote inajikusanya pale kwenye ncha mpaka hewa inayoizunguka inachanika kuwa ayoni, nyingine chanya nyingine hasi, feni inazipuliza mezani. Kifuko kikiwa na chaji hasi kinazivuta chanya, kikiwa na chanya kinazivuta hasi, kikishashiba hakivuti tena. Ya kwangu sindano nne ni za chanya na nne za hasi. Zipo nyingine, hasa zile fito ndefu za viwandani, sindano ile ile inabadilisha chanya na hasi kwa kufuata umeme wa gridi, mara hamsini kwa sekunde.

Nilivyowasha mara ya kwanza sikuamini. Vifuko vilivyokuwa vinang'ang'aniana vikaachana vyenyewe, kahawa ikashuka chini ikatulia. Dogo akasema "bosi hii ni uchawi". Miezi mitatu ya raha, nikawa naisifia kwa kila mtu mpaka SIDO, lile shirika la viwanda vidogo.

Ikaja Septemba. Mnaijua Septemba ya Mbeya, vumbi, upepo, watu wanachoma mashamba moshi umetanda mpaka huoni Loleza vizuri. Kahawa ikaanza kupanda tena. Kwanza kidogo nikadhani mkono wa dogo, halafu ikawa mbaya KULIKO kabla sijanunua feni, yaani kifuko kilichotoka kupulizwa na feni sasa hivi ndo kinanasa nywele na vumbi zaidi ya kile cha kwenye boksi. Taa ya kijani inawaka, upepo unatoka, mlio ule ule. Nikampigia muuzaji wa Kariakoo, nikamweleza vizuri kwa heshima zote, jibu alilonipa naliweka hapa kama lilivyo: "Kaka hiyo haina sevisi, ikizingua unachukua nyingine." Laki mbili na themanini! Kama betri ya tochi.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu anayefanya kazi kiwandani kule Mufindi, alikuwa anapita kwenda kwao Kyela akiwa na kale kamita ka kupimia chaji, unakasogeza sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kitu kanakusomea volti bila kukigusa. Akachukua kifuko akakisugua kwenye sweta yake, kikasoma zaidi ya volti elfu sita hasi. Akakipitisha mbele ya feni, tukategemea kishuke kikaribie sifuri. Kikashuka, kikapita sifuri, kikaenda upande wa pili kikagota kwenye chanya mia nne na kitu na kukaa pale pale. Akacheka akasema "ndugu yangu feni yako haiondoi chaji, inagawa chaji". Akaizima, akachomoa waya, akafungua wavu wa mbele, tukamulika na tochi ya simu. Sindano zimeota ndevu. Sitanii, ndevu nyeupe kabisa kama za babu, na za upande mmoja zilikuwa na ndevu nyingi kuliko wenzake.

Kumbe ndo siri yenyewe. Ile nguvu inayochana hewa ndo hiyo hiyo inavuta kila kivumbi kinachopita na kukibandika kwenye ncha, sindano inafanya kazi ya sumaku ya uchafu saa zote inapowaka. Ncha iliyofunikwa ni sawa na ncha butu, ayoni zinapungua. Na kwa feni kama yangu yenye chanya na hasi tofauti, upande mmoja ukichafuka zaidi mizani inavunjika, feni inamwaga ayoni za upande mmoja na vitu vyako inavichaji badala ya kuvituliza. Taa ya kijani haijui lolote, inasema tu umeme upo. Hiki kitu kingeandikwa hata kwa peni kwenye boksi ningemsamehe muuzaji yote.

Akaniuliza humu ndani mnachoma nini. Nikaona aibu. Dogo asubuhi za baridi alikuwa anawasha jiko la mkaa pale kona, mita mbili kutoka kwenye feni. (Na hata bila feni, mkaa chumba kilichofungwa ni kifo, moshi wake usionuka unaua, hilo tulishaambiwa tangu shule na bado tunafanya.) Halafu akaona kopo la spreyi ya silikoni ambayo nilikuwa napulizia kwenye mashine ya kuziba ili plastiki isigande. Hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi, mvuke wa silikoni ukifika kwenye ncha inayotoa ayoni unabadilika kuwa kitu kigumu kama kioo, kile hakitoki kwa kufuta. Na ndevu zile laini nyeupe zinatengenezwa na hewa yenyewe, sindano inatoa ozoni kidogo na gesi za oksidi za naitrojeni, hizo zikikutana na unyevu na amonia ya hewani zinatengeneza chumvichumvi nyeupe inayoota kwenye ncha. Amonia ikitoka wapi? Nyuma ya ukuta wangu mama mwenye nyumba anafuga kuku mia mbili. Sikumwambia kitu, kodi yake ni nafuu.

Sasa kusafisha. Hapa ndo nataka niende taratibu maana hapa ndo nusura nipoteze kidole, na video za mtandaoni zinaonyesha kama kupangusa miwani.

Kosa langu la kwanza. Wiki iliyofuata nikasema nijisafishie mwenyewe, umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu, nikaona muda ndo huu, hakuna kazi wala hakuna umeme. Nikafungua wavu, nikaingiza vidole na pamba. Feni haijachomolewa, kitufe kiko kwenye kasi ya mwisho kama nilivyoiacha. Mnaona inakoelekea. Umeme ukarudi. Panga zikanikata ngozi ya kidole cha shahada, na kwenye kuchomoa mkono kwa kuruka nikagusa sindano, shoti siyo ya kuua maana kwenye hizi mashine mkondo ni mdogo sana, lakini mkono uliruka ukapiga rafu ya juu na sindano moja ikapinda. Kwa hiyo somo la umeme kukatika, wenzangu wa huku tunaokatikiwa mara kwa mara: kuzima kwa kitufe siyo kuzima, umeme kukatika siyo kuzima, kuzima ni plagi iko mkononi mwako au mezani unaiona kwa macho. Mimi sasa naizima, nachomoa, naiweka plagi juu ya boksi lenyewe mbele yangu, halafu nasubiri kama dakika tano ndo nafungua, kwa sababu kile kipandisha umeme kinaweza kubaki na chaji kidogo ndani hata kikichomolewa. Na boksi la nyuma lenye hicho kipandishi sifungui kabisa, skrubu zake sizigusi, hakuna kinachosafishwa kule.

Kosa la pili la dogo. Kinachotakiwa kufutia sindano ni alkoholi ya aisopropili, mafundi simu wanaiita IPA, ile ya asilimia 99 kama unaipata, ya 70 inafaa ila ina maji na inachelewa kukauka. Nilimtuma dogo akaleta kitakasa mikono, kile cha enzi za korona, akasema si alkoholi hii hii. Siyo hii hii. Vitakasa vimetiwa gliserini ili ngozi isikauke, ile ya fomula ya WHO ina gliseroli asilimia 1.45, ukifuta sindano unaiachia utando wa mafuta unaonasa vumbi kuliko mwanzo. Spirit ya kusafishia vidonda nayo angalieni, kuna nyingine zina mafuta ya mbarika ndani, na ile ya bluu ina rangi. Pombe kali za dukani msinichekeshe, nyingi zaidi ya nusu ni maji. Mimi nanunua IPA kwa mafundi simu wa Kabwe, chupa ndogo naenda nayo miezi.

La tatu ndo lilinitisha kuliko yote. Dogo alifuta vizuri, akaona zinang'aa, akarudisha wavu akawasha hapo hapo. Ikalia "pa!" na moto wa bluu ukaruka sekunde moja ndani ya wavu ukazimika. IPA ni kitu cha moto, mvuke wake unaweza kushika kuanzia nyuzi joto 12 hivi, kwa hiyo msijidanganye kwamba baridi ya Mbeya inawalinda, ndani ya chumba ni nyuzi kumi na nane ishirini na sindano zenyewe kazi yake ni kutoa umeme kwenye ncha. Sasa hivi tukifuta tunaacha wavu wazi, madirisha wazi, chupa imefungwa imewekwa mbali, na tunasubiri nusu saa nzima ndo tunawasha. Tena hatumwagii wala kupulizia, tunalowesha kijiti kwenye kifuniko cha chupa, kidogo tu. Na jiko la mkaa liko nje ya mlango siku hiyo, ni sheria.

Kufuta kwenyewe ni kazi ya dakika kumi kama una mkono mtulivu. Pamba za masikio za kawaida zinaacha nyuzi, na uzi mmoja ukibaki kwenye ncha ni ndevu mpya umempandikizia, bora vile vijiti vya sponji vya mafundi simu au vya kitambaa kisichotoa nyuzi. Unaanzia kwenye shina unavuta kuelekea kwenye ncha kwa kuzungusha polepole, usisukume ncha kwa mbele, itatoboa kijiti na kukuingia kidoleni, zile ni kali kuliko sindano ya cherehani na nimeshachomwa mara mbili. Ukishafuta usiziguse kwa vidole, jasho na mafuta ya mkono ndo uchafu wenyewe. Sponji zile unabadilisha kila sindano mbili, maana ya kwanza ukimaliza nayo unaikuta nyeusi. Hewa ya kampresa siitumii, kampresa nyingi za mtaani zinatema maji na oili, unapuliza uchafu unaingia ndani kwenye boksi. Feni yangu ina kibrashi kidogo cha ndani unakizungusha kwa kitufe cha mbele kinapangusa sindano zote (feni imezimwa hapo), ni kizuri kwa vumbi la kila siku, kila Ijumaa jioni tunakizungusha, lakini zile ndevu za chumvi na ule ukoko wa silikoni hakiwezi.

Jirani yangu fundi milango aliniona nahangaika na ule ukoko mgumu akasema lete nikupigie tupa, au msasa. Ana nia njema mzee yule lakini hapana. Ukisugua na msasa au stilwaya unaacha mikwaruzo, kila mkwaruzo ni sehemu mpya ya uchafu kushika, na umbo la ncha linaharibika, sindano moja ikiwa tofauti na wenzake mizani imekwenda. Sindano yenye ukoko usiotoka, iliyopinda, au ambayo ukiipiga picha kwa simu ya karibu unaona ncha imekuwa duara kama kichwa cha kiberiti, hiyo inabadilishwa. Na zinabadilishwa zote kwa pamoja.

Kwenye kubadilisha ndo nilirudi kwa muuzaji mara ya pili, akasema sindano haziuzwi. Nikazipata kwingine, seti ya nane za tangsteni, elfu thelathini na tano na nauli, zilikaa wiki tatu njiani. Zipo za chuma kisichoshika kutu na za titani pia, mimi nilichukua tangsteni kwa sababu rafiki yangu wa Mufindi ndo anazozijua. Kuzitoa ni kuvuta moja kwa moja na plaizi yenye mdomo mwembamba, bila kuzungusha wala kuyumbisha, kwa kushika shina siyo ncha, miwani ya kazi usoni maana ikichomoka ghafla inaruka. Mpya zinakuja na vimipira vya kufunika ncha, usivitoe mpaka zote zimekaa kwenye matundu yake. Za zamani nilizitia kwenye chupa ya maji ya plastiki nikaifunga ndo nikatupa, watoto wa mtaani wanaokota vitu jalalani wasije wakachomwa na uzembe wangu.

Baada ya hapo yule rafiki yangu wa Mufindi akanipimia tena. Kifuko cha elfu sita kikashuka mpaka chini ya volti hamsini ndani ya muda mfupi na kutulia. Viwandani wana kipimo rasmi, wanachaji bamba la chuma mpaka volti 1000 wanahesabu sekunde mpaka lifike 100, halafu wanaangalia feni inaacha volti ngapi za ziada, na wale wa elektroniki kiwango cha Marekani cha ANSI/ESD S20.20, toleo la 2014, kiliwataka wasizidi volti 35 upande wowote. Kwangu mimi wa kahawa hamsini ni sherehe. Lakini mafundi simu mnaosoma hapa mjue mtu anaanza kuhisi shoti ya mkononi kwenye volti elfu tatu hivi, wakati kuna vipuri vya kwenye bodi vinakufa chini ya mia moja, kwa hiyo feni chafu kwenye meza yako inaweza kukuulia simu ya mteja na usihisi kitu chochote, ukabaki kusema simu ilikuja hivyo.

Mimi kamita sina, kwa hiyo nimejitungia kipimo cha kwangu. Nina kifuko kimoja cha zamani na vipande vya tishu vilivyokatwa kama punje za mchele. Nasugua kifuko kwenye sweta mara ishirini, nanasisha tishu, nakiweka mbele ya feni sentimita thelathini, nahesabu mpaka zote zidondoke. Sindano zikiwa safi zinadondoka kabla sijafika nne. Nikifika nane najua wiki hii tunafuta. Zikidondoka halafu kifuko kikaanza kuzivuta tena baada ya kukaa pale pale mbele ya feni, hapo mizani imeharibika, siyo suala la kusubiri wiki. Tunaandika kwa chaki ukutani. Juni mpaka Oktoba zamu ya kufuta inatoka kila baada ya wiki mbili, masika inaenda hata miezi miwili.

Vitu viwili vidogo kabla sijasahau. Soketi yenye ethi ya kweli ni lazima, nyumba nyingi za zamani huku tundu la tatu ni pambo tu halijafungwa popote, yangu ilikuwa hivyo, boksi la feni lilikuwa linanisisimua nikiligusa na mizani haikai. Nililipa fundi akapigilia nondo ya shaba nje akavuta waya, ndo ikatulia. Na kuna harufu, ile kama baada ya radi, hiyo ni ozoni, kidogo ni kawaida ila ikiwa kali mpaka koo linawasha fungua dirisha, zima, kagua sindano. Mimi huwa siielekezi feni usoni, inaelekea mezani.

Kwa hiyo ningeinunua tena? Feni ndiyo. Kurudishiwa vifuko kumeisha, tangu nibadilishe sindano Machi nimerudishiwa vinne tu na hivyo ilikuwa kosa la joto la mashine. Muuzaji yule hapana, hata akiniuzia nusu bei. Ukienda kununua kwa mtu yeyote muulize swali moja kabla hujatoa hela, sindano za akiba unazo, akikuangalia kama umemuuliza bei ya mwezi, toka. Na bajeti usiweke laki mbili na themanini, weka laki tatu na nusu, na seti ya pili ya sindano, IPA na vile vijiti vya sponji vije na mzigo wa kwanza.

Spreyi ya silikoni nimemgawia fundi milango. Jiko la mkaa halijarudi ndani, dogo analalamika baridi kila asubuhi, nimemnunulia soksi za sufu za wale mama wa Makambako na nimemwambia atembee taratibu kwenye kapeti asije akanipiga shoti.